Ukurasa wa Yaya Furaha

Mutu kama mimi, hakuna kitu cha kumushangaza tena. Nimeona ziwa la Mweru likimeza bwato zima na mizigo yake na kurudisha kofia peke yake. Nilinunua kamio ya kwanza, lori kubwa, kwa pesa ya samaki, nikanunua ya pili kwa pesa ya ile ya kwanza, na hakuna mutu wa benki anayeweza kusema ndiye alinifungulia mulango. Friza zangu tatu hapa Nchelenge zinanguruma tangu asubuhi hadi asubuhi. Wenye diploma wananiandikia barua, mimi natia sahihi tu. Masomo yangu yaliishia primeri ya nne, na hilo nalisema mbele ya mutu yeyote, tena kwa sauti, maana waliosoma kunipita wanakuja kwangu kutafuta kazi.

Basi mwezi uliopita, wiki moja baada ya kumuzika shemeji yangu Chola, dada yangu mukubwa aliniita nyumbani kwake Kashikishi. Anaitwa Furaha, lakini mimi namwita Yaya tu, vile kwetu tunavyomwita dada mukubwa. Alifungua sanduku lake la bati, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cheupe, akakiweka juu ya magoti yangu.

"Chukua kitu yako," akasema. "Miye nimemaliza kuichunga."

Kilikuwa kitabu kilichokwisha kupoteza jalada, kurasa zake zimekuwa za rangi ya chai. Katikati yake palikuwa na kipande cha mupira wa buluu, cha duara, kikubwa kama kifuniko cha chupa, kimetobolewa tundu moja. Nikakileta kitabu puani. Kilinuka samaki mukavu na lami. Na mimi huyu, mwenye kamio mbili, nilikaa juu ya kigoda cha jikoni cha dada yangu, nikakikumbatia kama mutoto.

Tulivuka ziwa nikiwa na miaka kumi hivi, mama, Yaya na mimi, tukitoka ng'ambo ya Kongo. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama alishika kazi aliyoikuta hapa, kazi ya chisense. Ni samaki wadogo sana, hawafiki kidole cha mutoto. Wavuvi wanawaleta alfajiri, wanawake wanawatandaza juu ya muchanga, na jua linafanya kazi iliyobaki. Watu wanaopita kwa gari wanafikiri wale wanawake wamekaa tu. Ni kweli wamekaa, lakini ukikaa vibaya mbuzi anakula mutaji wako, kunguru anabeba mabaki, na ukichelewa kuwageuza, upande wa juu unakauka na wa chini unaoza. Walikaa hivyo kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana, fimbo mukononi, macho yana kazi, masikio hayana.

Mimi sikukaa nao. Mimi nilikuwa na biashara. Nilizunguka pwani nikiokota viatu vya mupira vilivyokatika kamba, vile tunavyoviita patapata, nikavikata vipande vya duara, nikavitoboa kwa musumari niliopasha moto. Hayo yalikuwa maboya. Wavuvi waliyafunga kwenye kamba ya juu ya nyavu ili isizame. Pesa yangu niliitia ndani ya kopo la maziwa, nikalifukia chini ya mukeka wangu, nikingoja siku nitakayonunua nyavu yangu mwenyewe. Watoto wenzangu waliniita Bwana Patapata. Wacha waite. Nusu ya nyavu za Kashikishi zilielea juu ya akili yangu, na mimi sikuwa nimeota hata ndevu.

Shule sikwenda tena. Shule ya huku ilikuwa ya Kibemba na Kiingereza, na mimi nilikuja na Kifaransa cha primeri ya nne, ambacho upande huu hakikununua hata chumvi. Niliiacha bila kulia. Kusoma niliona ni kazi ya kukaa kimya ukiumiza macho, na mwisho wake hakuna mutu anayekulipa.

Kitabu kililetwa na Kasongo. Huyu alikuwa kijana wa Pweto, mwenye bwato la moteri, akivusha samaki kwenda na nguo kuja. Alivaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Alipofika, watu walimusikia kabla ya kumuona, na alipokuwa na nafasi alinipakia, akaniacha nishike mukono wa moteri, nikalipeleka bwato mpaka karibu na majani na kurudi. Sijui kama wewe wa umri wangu umewahi kushika moteri inayotetemeka ukiwa na miaka kumi na moja. Usiku wake sikulala. Kasongo alikuwa anamuangalia Yaya, kila mutu aliona, nami nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: Kasongo akimuoa Yaya, moteri inaingia kwenye jamaa.

Safari moja alileta kartoni la vitabu vya zamani kutoka Lubumbashi, vya kuuzwa kama karatasi ya kufungia. Mama alinunua kumi na mbili. Kila asubuhi Yaya alipasua kurasa akazikunja kuwa vifuko vya chisense. Vitabu kumi na kimoja vilikwenda hivyo, vikiwa na samaki ndani, mpaka Mansa, mpaka Mungu anajua wapi. Cha kumi na mbili kilikuwa na jalada, na juu yake mwanamuke mwenye nguo ya buluu akisimama mbele ya maji makubwa. Yaya alikigeuza, akakirudisha, akakigeuza tena.

"Huyu anangoja bwato," akasema. "Soma, unielezee anangoja nani."

Nikaangalia mustari wa kwanza, nikaangalia wa mwisho. "Ni kitabu ya mapendo," nikamwambia. "Haiko na kitu. Banaangaliana tu."

Mama Kyungu alikuwa jirani yetu kwenye muchanga, mwanamuke munene mwenye kicheko cha kufukuza kunguru bila fimbo. Akaniambia, "Basi tusomee vile banaangaliana. Siye tunaangalia samaki tangu mwaka jana, na samaki haiangalie mutu."

Mutu wa biashara hafanyi kazi ya bure. Nikataka jozi moja ya patapata mbovu kwa kila sura. Mama Kyungu alinitazama, akavua za kwake pale pale, akanirushia. "Shika. Nitatembea miguu chini, lakini wewe soma."

Nikaanza. Kifaransa changu kilikuwa kama baiskeli isiyo na breki, kwenye mwinuko inakwama, kwenye muteremuko inakutupa. Nilisoma mustari kwa mustari kichwani, kisha nikautoa mudomoni kwa Kiswahili. Bahari ikawa ziwa, kwa sababu bahari hatukuiona. Nyumba ya mawe ikawa nyumba ya mabati. Walipokula vitu nisivyovijua, niliwapa bukari, ule ugali wetu, na samaki. Mwanamuke yule jina lake lilikuwa refu, tukalipunguza likawa Elena. Neno gumu nililiruka, na pale watu walipoanza kushikana mikono na kuhema, niliruka ukurasa mzima.

"Umeruka," Mama Kyungu angesema.

"Siruke."

"Karatasi imelia mara mbili. Miye siko kiziwi."

Basi narudi nyuma, nasoma kule kuhema, uso umenichemka, na wanawake wanasahau kugeuza samaki.

Elena alikuwa na wanaume wawili. Wa kwanza alikuwa mukubwa wa meli, mwenye vifungo vya shaba na maneno mengi, anakuja, anatikisa nyumba nzima, anaondoka. Wa pili alikuwa fundi wa saa. Kila alhamisi alifika kutengeneza saa kubwa ya ukutani kwa baba yake Elena, hasemi kitu, anapewa kinywaji, anakwenda. Mukubwa wa meli nilimupenda mara moja, alikuwa Kasongo mwenye kofia. Lakini yule wa saa alinichosha, na alhamisi zake nyingi niliziruka nikisema hazina kitu. Nilidhani aliyeandika kitabu alimuweka pale ili kitabu kiwe kizito, kama wadanganyifu wanavyoweka jiwe chini ya mufuko wa samaki ili mizani ishuke.

Wakati huo huo palikuwa na mutu aliyekuja kununua chisense kwetu kila siku. Aliitwa Chola, Mubemba wa hapa hapa, fundi wa kuziba mabwato yanayovuja. Mikono yake ilikuwa myeusi ya lami mpaka kwenye viwiko, na nywele zake zilikuwa na nyuzi za pamba. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni tu, kile wanachojifunza wenyeji ili wauziane na sisi. Alisimama mbele ya Yaya akasema, "Iko ngapi?" Yaya akamutajia. Akasema, "Muzuri. Patia meda moja." Meda ni ile ndoo ndogo tunayopimia. Akalipa, akaangalia ziwa, akasema, "Leo jua iko muzuri. Kesho minakuja." Na kesho alikuja. Maneno ni yale yale, mvua au jua. Nilimucheka sana. Nilimuigiza jioni mbele ya mama, na viwiko vyangu nilivipaka masizi.

Siku moja kabla ya saa sita alikuja mutu mwingine kwa niaba yake. Alikuwa Bashi Mulenga, fundi wa baiskeli pale sokoni, amevaa koti zito katika jua lile, na mikononi sahani mbili nyeupe zilizofunikiana, juu yake kitambaa cheupe. Wabemba wanamutuma mutu kama huyo badala ya mwanaume, wanamwita shibukombe, yeye ndiye mudomo wa posa. Ndani ya sahani kuna pesa kidogo. Mukiizuia sahani, mumekubali mazungumuzo yaanze. Mukiirudisha, basi.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akamwambia kwa heshima ya Kibemba, "Utupe siku tatu, mukwai." Bashi Mulenga alipoondoka, mama akamugeukia Yaya. "Miye sahani yangu ilikubaliwa na bajomba, nilisikia habari nikiwa nachota maji. Weye utajibu mwenyewe. Siku tatu."

Yaya alipangusa mikono. Alichukua kitabu, akanipa. "Tumebakiza sura ngapi?"

Tulibakiza mbili. Na hapo ndipo nilipofanya kile nilichofanya.

Kesho yake nilitangulia kusoma peke yangu nyuma ya nyumba, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nilitaka kuona mukubwa wa meli akirudi. Hakurudi. Ukurasa mzima nilitafuta kofia yake, haikuwepo. Badala yake nikaona Elena na fundi wa saa, wako wawili chumbani, na mukono wa Elena uko juu ya mukono wa yule mutu. Sikuendelea kusoma nijue kwa nini. Nilifunga kitabu kwa hasira. Nikaona moteri ya Kasongo inazima polepole, katikati ya ziwa.

Unapaswa kuelewa vile mutoto anafikiri. Nilijua wanawake wale wanaamini kitabu. Kitu kilichopigwa chapa kwao kilikuwa kama karatasi ya serikali, kikisomwa kimesomwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika karatasi.

Mchana ule, mbele ya Yaya na Mama Kyungu na wengine watano, nikasoma hivi: kwamba barua ilifika kutoka kwa mukubwa wa meli. Kwamba Elena, akiwa kwenye dirisha, na ile nguo ya buluu, na upepo unavuma, alimwambia fundi wa saa asirudi tena alhamisi. Kwamba alisema, Nitangoja, hata kama ni miaka kumi. Nilisoma vizuri siku ile kuliko siku zote. Sikukwama hata mara moja. Hilo tu lingetosha kunikamatisha, lakini Mama Kyungu alikuwa anapangusa macho.

"Ile njo mwanamuke ya kweli," akasema. "Miaka kumi."

Siku ya tatu Yaya alirudisha sahani. Bashi Mulenga aliipokea, akapita nayo katikati ya soko zima, na kwa haraka kitambaa kilikuwa kimeanguka, kwa hiyo kila mutu aliona sahani imerudi na pesa yake ndani. Kuna waliocheka. Chola hakuja kununua chisense siku ile. Wala kesho yake.

Kasongo aliondoka kwenda Pweto, akasema wiki tatu. Zikapita tano. Wiki ya sita ilifika mama mumoja muuzaji wa vitenge kutoka kule, akakaa kwenye muchanga wetu kupumuzika, akatoa habari zake kama anavyotoa vitenge, kimoja baada ya kimoja. Nani amefiwa, nani amejenga, na kwamba bibi yake Kasongo amezaa mutoto wa tatu, mwanaume, na Kasongo amenunua mbuzi wawili.

Yaya aliendelea kugeuza samaki. Aliwageuza wote, akafika mwisho, akaanza tena wale aliokwisha kuwageuza.

Asubuhi iliyofuata Mama Kyungu hakuwepo. Yaya alikuja na kitabu, akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana.

"Nisomee tena pale Elena alisema atangoja."

Nikafungua. "Elena akasimama kwenye muchanga, akaangalia ziwa, akasema, Nitangoja."

"Siku ile alikuwa kwa dirisha."

"Dirisha lilikuwa karibu na muchanga."

"Na nguo?"

"Nguo alikuwa nayo."

"Rangi gani? Na upepo? Na ile miaka kumi, leo iko wapi?"

Dada yangu hakujua herufi hata moja, hakuwahi kukanyaga shule. Lakini mutu asiyeandika anaweka kila kitu kichwani, neno kwa neno. Mimi, kwa ujanja wangu wote, nilikuwa nimelisahau hilo. Akanishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya karatasi, juu yake akaweka cha kwake, kimejaa mafuta ya samaki.

"Soma na kidole. Hakitaruka. Nitakisikia kikiruka."

Nikasoma. Ilichukua muda wa kukausha samaki upande mumoja. Silabi kwa silabi, vidole viwili vikitembea, kila neno nilimupa kama lilivyokuwa. Ilikuwa alhamisi. Fundi wa saa alipanda juu ya kiti, akafungua mulango wa ile saa kubwa. Elena alisimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza alitazama ndani. Aliona kila kitu kinang'aa, kila gurudumu linatembea. Akamuuliza, imeharibika wapi? Yule mutu akashuka kitini. Akasema saa haikuharibika hata siku moja. Tangu siku ya kwanza ilikuwa nzima. Hapo Elena aliweka mukono wake juu ya ule mukono, akamwambia, njoo na ijumaa.

Niliposema ijumaa, kidole changu kilisimama chenyewe. Alhamisi zote zile nilizoziruka. Zile kurasa nilizosema hazina kitu. Sio jiwe lililowekwa chini ya mufuko. Zenyewe ndizo zilikuwa samaki, na mimi nilikuwa nauza mufuko.

Yaya aliacha kidole chake pale pale. Mbuzi alikaribia, hakumufukuza.

"Meda moja," akasema. "Kila siku meda moja. Mutu mumoja, hana bibi, hana mutoto. Nani anakula chisense namna ile?"

Nikafunga kitabu.

"Kwa nini ulifanya vile?"

"Moteri," nikasema.

Nilingoja kofi. Lingekuwa afadhali. Yeye alichukua fimbo yake, akainuka. "Weye njo uliitoa ile sahani kwetu. Weye utairudisha. Sitaki kujua namna gani."

Bashi Mulenga nilimukuta anaziba tairi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kama mutu mbele ya hakimu. Hakuinua macho kwenye kile kibakuli chake cha maji.

"Iwe," akasema, yaani wewe kwa Kibemba, "sahani iliyorudi haitembei peke yake. Miye soko lote iliniona. Hii kinywa yangu imefungwa. Nani atalipa kuifungua?"

"Miye."

Hapo aliinua macho. Akataja bei. Nikasema ni kubwa. Akasema, "Unafikiri unanunua samaki hapa?" Nikamwambia kinywa chake hakijafanya kazi wiki sita, kitakuwa kimeshuka bei. Alinitazama, kisha akacheka mpaka tairi likamponyoka. Akapunguza. Lakini akaongeza kitambaa kipya, kwa sababu kile cha kwanza kilianguka mbele ya watu, na sahani haiwezi kurudi na aibu yake. Kisha akaniambia lililobaki. Chola alikuwa ameitwa Mununga kutengeneza mabwato, anaondoka jumamosi, na kule shangazi yake amekwisha kumutafutia musichana. Ilikuwa alhamisi.

"Pesa ni yako na kinywa ni yangu," akasema. "Lakini ile maneno ya kitabu utaisema weye. Miye siwezi kubeba uongo ya mutoto kwa baiskeli yangu."

Nilikwenda kwa Chola siku ile ile. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya mahali pa mabwato, na mulango ulikuwa wazi. Ndani, kando ya kitanda, niliona mifuko. Mifuko mine ya sukari, imejaa mpaka shingoni, imefungwa kwa kamba safi. Harufu yake niliijua kabla ya kuigusa. Chisense wetu wote, meda kwa meda, hata mumoja hakuliwa.

Chola alikuwa chini ya bwato, burashi ya lami mukononi. Kibemba changu kilikuwa kibaya na Kiswahili chake kilikuwa cha soko, kwa hiyo nilimusimulia kwa maneno machache sana, kama unavyomwelezea mutu njia. Kwamba kuna kitabu. Kwamba ndani yake kuna fundi wa saa, na alhamisi, na mwanamuke. Kwamba nilisoma kinyume kwa sababu ya moteri. Kwamba dada yangu alirudisha sahani kwa jibu langu, sio lake. Lami ilikuwa inadondoka kutoka kwenye burashi, tone, tone, juu ya muguu wake. Hakuiona.

Nilipomaliza alifikiri. Kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Na ile saa," akasema, "iko natembea?"

"Inatembea," nikamwambia. "Ilikuwa nzima tangu mwanzo."

Akatikisa kichwa. Akaangalia ziwa. "Muzuri. Kesho minakuja."

Alikuja na meda yake mukononi, na nyuma yake Bashi Mulenga na koti lake na sahani na kitambaa kipya. Mama aliipokea. Safari hii haikutoka tena. Mununga walitafuta fundi mwingine.

Waliishi pamoja mpaka mwezi uliopita, na watoto sita. Kiswahili cha Chola hakikuongezeka sana. Hata siku za mwisho, kule kitandani, kila asubuhi Yaya alipofungua dirisha, alikuwa anamwambia, "Leo jua iko muzuri." Na jioni, "Kesho minakuja." Siku ya mwisho hakuweza kusema, kwa hiyo Yaya alimusemea.

Mimi tangu ile alhamisi nasoma. Sisemi kwa watu, lakini leo nasema. Binti yangu anasahau vitabu vyake vya mapendo kwenye kamio, vya Kiingereza, vya Kifaransa, na nikingoja barafu au nikingoja bwato kutoka Chisenga, navisoma, na kidole, neno kwa neno, siruki. Dereva wangu anacheka. Mushahara wake natoa mimi, acha acheke. Wanaume wengi wenye pesa kunishinda hawajui bado kwamba saa ilikuwa nzima.

Na kile kipande cha buluu kilitoka hapa. Jioni niliporudi kutoka kwa Bashi Mulenga, kopo langu la maziwa lilikuwa karibu tupu, na mfukoni nilibaki na boya moja tu ambalo halikupata munu­nuzi. Nilikiomba kitabu kisipasuliwe kuwa vifuko, lakini mama naye hakuniachia bure. Alisema kimenunuliwa kama karatasi, na karatasi ina bei yake, nikamulipa na pesa za mwisho za kopo. Ndipo Yaya alipokichukua kitabu mukononi mwangu, akalichukua na lile boya, akaliweka kwenye ukurasa wenye alama ya vidole viwili vya mafuta, akafunga. "Tusipoteze mahali," akasema.

Nyavu yangu ya kwanza nilichelewa kuinunua mwaka mzima. Kamio zangu, ukiniuliza bei, nitakutajia kwa kukisia, na friza vile vile. Ile ya siku hiyo naijua bila kukisia. Kufungua kinywa cha Bashi Mulenga, kitambaa cheupe kipya, na kitabu kwa bei ya karatasi: kwacha makumi sita na tatu, na ngwee makumi tano.